Unakaa Baarle-Nassau, kofishopu hakuna: Tilburg, Breda, Rotterdam au duka la dawa?

Baarle-Nassau ni kijiji ambacho mtu anaweza kuketi Uholanzi huku miguu ameinyoosha Ubelgiji. Vipande 22 vya ardhi ya Ubelgiji vimetapakaa humo kama viraka kwenye kanzu kuukuu, na ndani ya baadhi ya viraka hivyo kuna viraka vidogo zaidi vya Uholanzi. Mpaka umechorwa kwa misalaba myeupe barabarani. Unakata nyumba katikati, na nyumba iliyokatwa huhesabiwa kuwa ya nchi ile ambako mlango wake wa mbele umefungukia. Mwaka 2020, korona ilipoingia na kila serikali ikatoa amri zake, duka moja la nguo pale kijijini lilifungwa nusu: upande wa Ubelgiji umezuiwa kwa utepe, upande wa Uholanzi watu wanaendelea kuchagua soksi.

Kuna fataki ambazo Waholanzi huzifuata upande wa Ubelgiji kila Desemba, na kuna njia ya baiskeli na basi. Kofishopu haipo.

Kwa msomaji ambaye hajafika huku: kofishopu si mahali pa kahawa, ingawa kahawa inaweza kuwapo. Ni duka linalouza bangi na hashishi kwa idhini ya meya. Anayetaka kahawa aende mkahawani. Mzee mmoja wa kwetu aliyekuja kusalimia wajukuu nusura aingie, akishangaa nchi gani hii mtu anadaiwa kitambulisho kabla hajauziwa kikombe cha kahawa. Tulimwahi mlangoni.

Swali ninaloulizwa kila mara ni, “Ya karibu ni ipi?” Ukitoka Baarle-Nassau, Tilburg iko takribani kilomita 20 na Breda vivyo hivyo, kwa hiyo umbali hauamui kitu. Kinachoamua ni karatasi uliyo nayo mfukoni, na baada ya hapo ni namna utakavyorudi nyumbani. Ndiyo maana ulinganisho huu hautakupa jibu moja la wote.

Kwanza, neno “halali”

Waholanzi hawakuhalalisha bangi. Sheria yao ya dawa za kulevya, Opiumwet, bado inaikataza. Mwaka 1976 bangi na hashishi zilitengwa na dawa nzito kama heroini, ukakomaa utaratibu wanaouita gedogen, yaani kuvumilia: kosa limo kitabuni, lakini anayelitenda kwa masharti hashitakiwi. Kwetu tungesema serikali imefumba jicho. Tofauti ni kwamba huku hata kufumba jicho kuna kanuni zake za maandishi.

Kanuni zenyewe ni hizi. Duka lisijitangaze. Lisiuze dawa nzito. Lisilete kero kwa majirani. Lisimpokee aliye chini ya miaka 18. Lisimuuzie mtu mmoja zaidi ya gramu 5 kwa siku, na akiba yake kwa kawaida isizidi gramu 500. Mwaka 2013 sharti la sita likawa la nchi nzima: mteja awe mkazi wa Uholanzi, ila kila manispaa ikaachiwa kiasi cha kulisimamia. Pombe haiuzwi humo.

Sharti la kutojitangaza ndilo linalowachosha watafutaji. Hutaona bango barabarani likikuelekeza, na mara nyingi hata menyu iko ndani, huipati mpaka uiombe. Nchi nzima kuna kofishopu kama 570 katika manispaa zipatazo 100, ilhali manispaa zote ni 342. Yaani vijiji vingi viko kama Baarle-Nassau. Orodha ya kuaminika ni ya manispaa husika, kwa sababu meya ndiye anayetoa idhini na ndiye anayeinyang'anya. Nyota tano za watalii zinaweza kuwa za duka lililofungwa miaka mitatu iliyopita.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo manne. Mlangoni: nani anaingia, na anadaiwa karatasi gani. Njia: unafikaje na unarudije bila gari, maana la gari nitalisema kivyake. Mzigo: unachouziwa kinatoka wapi, na unajuaje kilichomo. Pa kukaa: unaweza kuvutia hapo, au unachukua na kuondoka. Bei nimeiacha makusudi. Hupanda na kushuka kwa aina na kwa duka, na hakuna anayepaswa kusafiri kilomita 60 kufuata tofauti ya euro moja.

Tilburg

*Mlangoni.* Tilburg iko mkoa wa Noord-Brabant, kusini, na sharti la ukazi lilianzia kusini. Mei 2012 mikoa ya Limburg, Noord-Brabant na Zeeland iliwekewa kadi ya uanachama, watu wakaiita wietpas. Kadi hiyo haikumaliza mwaka. Wateja wengi hawakutaka majina yao yaandikwe popote, wakahamia kwa wauzaji wa mitaani, na mameya wenyewe wakalalamika kwamba mitaa imeharibika. Kadi ikafutwa, sharti la ukazi likabaki. Kwa hiyo jiandae kuonyesha kitambulisho, na ikibidi dondoo la usajili wako wa manispaa, ile karatasi ya BRP ambayo hutolewa kwa ada ndogo.

Hapa watu wetu huchanganya mambo. Kinachoulizwa ni ukazi, si uraia. Mwanafunzi wa Kikenya aliyesajiliwa Tilburg kwa ajili ya chuo, mwenye kibali chake na miaka 18 imetimia, ni mkazi. Kaka yake mwenye pasipoti ya Ubelgiji anayeishi Antwerpen, mwendo wa saa moja hivi, si mkazi. Akasirike, aseme Ulaya ni moja, haitamsaidia: suala hilo lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kutoka Maastricht, na Desemba 2010 mahakama ikasema manispaa inaweza kumzuia asiyekaa nchini. Binamu yangu alipokuja kututembelea kutoka Mombasa tulisimama naye mlangoni mwa duka moja la mkoa huu. Mimi nikaruhusiwa, yeye akaambiwa kwa upole asubiri nje. Nami sikuingia. Tulienda kula viazi.

*Njia.* Kuna basi kutoka kijijini, lakini uzuri wa Tilburg ni njia ya baiskeli. Mwaka 1867 ilifunguliwa reli kati ya Tilburg na Turnhout ya Ubelgiji, ikipitia Baarle. Treni zilipokufa, reli iling'olewa, na tangu 1989 pale ilipokuwa pamepita njia ya baiskeli iitwayo Bels Lijntje, yenye urefu wa kilomita 31 hivi. Treni hazipendi milima, kwa hiyo njia ni tambarare kama meza. Kwenda ni zaidi ya saa moja kwa mtu asiye na haraka. Kurudi ni hesabu nyingine: sheria ya kuendesha chombo ukiwa umelewa haimwachi mwenye baiskeli, na giza la mashambani huku halina taa. Anayekwenda kwa baiskeli avute akisharudi.

*Mzigo.* Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo Tilburg na Breda zinapotofautiana na karibu nchi nzima.

Kwa miongo mingi kofishopu zimeishi na kichekesho ambacho Waholanzi wanakiita tatizo la mlango wa nyuma. Mlango wa mbele mteja ananunua gramu zake na polisi anapita akisalimia. Mlango wa nyuma, anayeleta mzigo ni mhalifu, na aliyeupanda ni mhalifu vilevile. Duka linauza kitu ambacho hakuna mtu anayeruhusiwa kuliuzia. Ni kama kumruhusu mama ntilie auze wali na kumfunga kila anayelima mpunga. Matokeo yake fedha ziliingia kwa magenge, na mteja hakujua kama bangi yake imepuliziwa dawa ya wadudu au imeota ukungu.

Serikali ikaanzisha jaribio la mnyororo mzima, kuanzia shambani hadi kaunta. Tarehe 15 Desemba 2023 Tilburg na Breda zilikuwa za kwanza kuuza bangi iliyopandwa na wakulima wenye kibali. Juni 2024 zikafuata nyingine, zikawa manispaa 10 jumla, zikiwamo Groningen, Nijmegen na Maastricht. Mwanzoni mzigo wa zamani na mpya viliuzwa pamoja. Tangu 7 Aprili 2025 bangi ya majani ya mlango wa nyuma ilikoma katika manispaa hizo, na hashishi ikapewa muda hadi Septemba mwaka huohuo.

Kwa mteja maana yake ni hii: unapewa kifungashio kilichofungwa, kigumu kwa mtoto kukifungua, chenye lebo ya viwango vya THC na CBD. THC ndiyo inayolewesha, CBD haileweshi. Aliyezoea kunusa na kupekua kwa vidole atahisi kama amenyimwa kitu. Wazee wa mtaani wengine wananung'unika kwamba ile hashishi ya Moroko waliyoizoea si hii. Wana haki ya kunung'unika, ladha ni ladha. Lakini anayetaka kujua anachokiingiza mwilini hana sababu ya kulalamika.

*Pa kukaa.* Ziko kofishopu 11 hivi mjini, baadhi zina viti, nyingine ni za kuchukua na kwenda. Tumbaku ilipigwa marufuku ndani ya sehemu za starehe tangu Julai 2008, kwa hiyo ule msokoto wa kuchanganya na sigara, ambao ndio mazoea ya wengi Ulaya, usiutegemee kaunta. Mitaani kuna maeneo ambako manispaa imekataza kuvuta, hivyo soma vibao. Julai, wakati wa maonyesho makubwa ya bembea na michezo ya Tilburg, mji hujaa hadi kushuka basi kunakuwa kazi.

*Inamfaa* mkazi wa kijijini au mwanafunzi, hasa mwenye baiskeli, asiye na safari nyingine.

Breda

*Mlangoni.* Sharti ni lilelile, na Breda ina sababu zake za kulishikilia. Mwaka 2009 majirani zake wa magharibi, Roosendaal na Bergen op Zoom, walifunga kofishopu zao zote kwa sababu maelfu ya Wabelgiji na Wafaransa walikuwa wakimiminika kila wiki, wakiegesha magari mbele ya nyumba za watu. Mji uliobaki na milango wazi karibu na mpaka hauwezi kulegeza. Usiende Breda ukidhani watakuwa wapole kuliko Tilburg. Kitambulisho na uthibitisho wa ukazi, basi.

*Njia.* Basi hupita Chaam. Wanaoendesha baiskeli wanaweza, lakini hakuna njia moja iliyonyooka kama ile ya reli ya zamani. Nguvu ya Breda ni stesheni: ukiwa na shughuli Rotterdam, Den Haag au Antwerpen, Breda iko njiani tayari.

*Mzigo.* Jaribio lilelile, wakulima wenye kibali walewale, lebo zilezile. Maduka ni machache kidogo, 8 hivi. Atakayekwambia bangi ya Breda ni tofauti na ya Tilburg anakusimulia mapenzi ya timu ya mpira.

*Pa kukaa.* Kama Tilburg: baadhi zina viti, baadhi hazina. Mji wenyewe una kanisa kubwa la kale, uwanja wenye meza nje, na mbuga za kutembea. Wakati wa karnivali, Februari au Machi, kila mtu amevaa kinyago na kunywa bia, na anayechanganya bia na bangi siku hizo huishia ameketi ukingoni mwa barabara akiwa mweupe kama chokaa. Havichanganywi.

*Inamfaa* mkazi anayefanya kazi au kubadilisha treni Breda, asiyetaka kuifanya kofishopu iwe safari ya peke yake.

Rotterdam

*Mlangoni.* Hapa ndipo karatasi inapobadilika. Sharti la ukazi lipo kitaifa, lakini Rotterdam, kama Amsterdam, hailisimamii. Mgeni mwenye pasipoti inayoonyesha miaka 18 au zaidi huuziwa. Umri hausamehewi, hata ukiwa na ndevu hadi kifuani.

*Njia.* Basi hadi Breda, kisha treni ya nusu saa hivi. Kwenda na kurudi ni nusu siku. Angalizo moja ambalo halimo kwenye vitabu vya watalii: baadhi ya treni zitokazo Rotterdam kupitia Breda huendelea hadi Ubelgiji. Ukisinzia na kifungashio mfukoni, utaamka Antwerpen ukiwa umevusha dawa za kulevya mpaka wa nchi bila hata kukusudia. Weka kengele ya simu.

*Mzigo.* Rotterdam haimo katika jaribio, kwa hiyo mlango wa nyuma ni uleule wa zamani. Haimaanishi bidhaa ni mbaya. Maduka mengi yanajua yanachouza, na muuzaji mzoefu atakueleza kwa uvumilivu kipi kizito kipi chepesi. Ila lebo ya lazima hakuna, na maelezo ya muuzaji ndiyo maabara yako. Mwambie ukweli kama ni mara yako ya kwanza. Hashishi hasa huwa kali kuliko kipande chake kidogo kinavyoonekana. Na keki, popote utakapozipata, zina mtego wao: zinachelewa, pengine saa moja au mbili, na kosa la kila mgeni ni kuona “haifanyi kazi” na kula ya pili.

*Pa kukaa.* Uchaguzi ni mpana kuliko miji miwili iliyotangulia. Usishangae kutozikuta karibu na shule za sekondari. Mwaka 2009 jiji lilifunga 16 zilizokuwa karibu mno. Wanaosukumana kwenda Amsterdam badala yake wajue kwamba tangu Mei 2023 kuvuta bangi barabarani katika mtaa wa De Wallen kunaleta faini ya euro 100.

*Inamfaa* mgeni asiye mkazi, na mkazi anayetaka kukaa na marafiki kwa saa kadhaa badala ya kuchukua na kuondoka.

Duka la dawa

Njia hii husahauliwa, na kwa baadhi ya wasomaji ndiyo ya pekee ya kufikiriwa. Tangu 2003 Uholanzi inatoa bangi ya tiba kwa cheti cha daktari, chini ya ofisi ya serikali iitwayo Bureau voor Medicinale Cannabis. Hapo “halali” ni halali kweli, hakuna kufumba jicho.

*Mlangoni.* Hakuna mlinzi. Kuna daktari wako wa familia, ambaye anaweza kukubali au kukataa. Kwa kawaida hufikiriwa dawa nyingine zikishindwa: maumivu ya neva, misuli inayokakamaa kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kichefuchefu cha tiba ya saratani. Kumwendea daktari na kisingizio ni kupoteza muda wa wote wawili.

*Njia.* Kama duka lako la dawa linakubali kuagiza, huhitaji kutoka kijijini.

*Mzigo.* Kila aina ina kiwango kilekile cha THC na CBD kila mwezi, imepimwa dhidi ya ukungu na dawa za wadudu. Kuna aina yenye THC ya asilimia 22 na kuna zenye kidogo sana. Daktari huchagua. Bima ya msingi hailipii.

*Pa kukaa.* Nyumbani. Kwa kawaida hushauriwa kuchemsha chai au kutumia kifaa cha mvuke badala ya kuvuta moshi.

*Inamfaa* mwenye ugonjwa, awe ameshajaribu kofishopu au la. Nawajua watu wazima wa kwetu walioona haya kumtajia daktari neno bangi, kwa sababu kule nyumbani neno hilo ni la vijana wa kijiweni. Daktari wa huku amelisikia mara elfu.

Zinazofanana na njia

Turnhout iko karibu kuliko miji yote hiyo, kilomita 14 hivi kusini, na haina kofishopu hata moja kwa sababu ni Ubelgiji. Ujerumani ilibadili sheria Aprili 2024, lakini iliruhusu vyama vya wanachama wakazi, si maduka, kwa hiyo mtu wa Baarle hana alichobakiza huko. Anayekuandikia kwenye simu kwamba atakuletea mlangoni si kofishopu, hata akitumia jina la kofishopu. Hakuna kofishopu inayoruhusiwa kupeleka mzigo nyumbani. Na kijana wa nje ya stesheni anayekunong'oneza ana karatasi chache kuliko wewe.

Mpaka chini ya kiatu

Umenunua gramu 4 Tilburg, umeshuka basi Baarle, unatembea kwenda nyumbani. Upande wa Uholanzi unavumiliwa. Ukivuka ule msalaba mweupe kufupisha njia, uko Baarle-Hertog, mkoa wa Antwerpen, Ubelgiji. Huko kumiliki bangi ni kosa. Mtu mzima mwenye gramu zisizozidi 3, asiyesumbua mtu, huwekwa mwisho kabisa wa orodha ya waendesha mashtaka, lakini polisi anaweza kumwandikia na kumnyang'anya. Wewe una 4. Hata huruma hiyo umeipita, na kisheria umesafirisha dawa ya kulevya kutoka nchi moja hadi nyingine kwa kuvuka barabara.

Je, kuna askari amesimama kwenye kila msalaba? Hapana. Lakini nisingependa kuwa mtu anayejaribu kumweleza hakimu kwamba alikuwa anafuata mkate. Mkazi wa Baarle anayenunua mara kwa mara ajifunze njia yake ya kurudi, na aangalie vibao vya namba za nyumba, maana vina rangi za bendera ya kila nchi. Na kama mlango wako wa mbele uko Ubelgiji, wewe ni mkazi wa Ubelgiji: Tilburg na Breda hawatakuuzia, hata kama jikoni kwako ni Uholanzi.

Gari ni suala fupi. Tangu Julai 2017 polisi wa Uholanzi wanapima mate barabarani, na kikomo cha THC ni mikrogramu 3 kwa lita ya damu. Ukichanganya na pombe, kikomo ni 1. Anayevuta mara kwa mara anaweza kukutwa juu ya kikomo hata asipojihisi chochote. Ubelgiji nao wanapima mate.

Nani aende wapi

Kama umesajiliwa Uholanzi na unaishi kijijini, anza na Tilburg ikiwa una baiskeli, au Breda ikiwa treni ndiyo maisha yako. Kimzigo ni mamoja. Ukiona foleni ndefu hapa, huna hasara kwenda pale.

Kama umefika wiki hii na dondoo la BRP bado hujalipata, usibishane na mlinzi. Subiri usajili, au nenda Rotterdam na pasipoti. Wanaosubiri uamuzi wa kibali wawe waangalifu zaidi ya wote: rekodi ya polisi kwa jambo dogo inaweza kuzua maswali kwenye faili kubwa.

Kama umekuja kutembelea ndugu kutoka Nairobi, Bujumbura, London au Antwerpen, kusini hakukuhusu. Rotterdam, tena uvutie hukohuko na usirudi na kitu Baarle. Na usimtume mwenyeji wako akununulie Tilburg. Kununua kwa niaba ya mtu kunaweza kumfungia mlango, na ndiye anayebaki baada ya wewe kuondoka.

Kama unataka kujua hasa unachovuta, kwa sababu ya afya, umri au woga wa mara ya kwanza, lebo za Tilburg na Breda ni bora kuliko maelezo ya mdomo. Chagua THC ya chini, msiwe wawili wageni bila mwenyeji, na kaeni na kitu cha sukari karibu. Mwenye historia ya kusikia sauti au kuchanganyikiwa, yeye mwenyewe au nduguze wa damu, asiguse kabisa. Hilo halina mji.

Kama ni maumivu yanayokunyima usingizi, fanya miadi na daktari kabla ya kupanda basi.

Na kama una tiketi ya Schiphol kwenda Kilimanjaro, Dar es Salaam au Nairobi, pekua mifuko ya jaketi, mkoba wa kamera, na ile pakiti ya karatasi za kusokotea iliyosahauliwa tangu kiangazi. Gramu moja ambayo Tilburg iliuzwa na risiti, ukitua nayo Tanzania au Kenya inaweza kukupeleka jela. Mashine ya kusagia nayo iache kwa mwenyeji. Vumbi lililobaki kwenye meno yake mbwa wa uwanjani analinusa.